Mwanaesha Alivyongoja Kuombwa

Nyumba ya Mwanaesha na yangu zaangaliana. Uchochoro uliopita kati yetu ni mwembamba, hata tuktuk ikipita aliyeketi barazani hukunja miguu. Dirisha langu la juu na lake yatazamana, na kwa miaka mingi tumeazimana ndimu kwa kurushiana. Kwa hivyo haya nisemayo sikuyapata kwa watu. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na nisiyoyaona alinambia mwenyewe baadaye, alipoweza kuyacheka. Ruhusa ya kuyaandika amenipa, kwa sharti nisimpunguzie wala nisimpambe.

Mwanaesha ni mtoto wa Kibokoni, hapa Mombasa, na kazi yake ni vikuba. Kwa asiyejua, kikuba ni kifungu kidogo cha asmini na rehani, hufungwa kwa uzi, mwanamke akakibandika kifuani au kwenye nywele akienda harusini. Zamani haikufanywa harusi ya maana Mji wa Kale bila maua ya mikono yake. Wasichana walipanda ngazi zake tangu adhuhuri, na mtu akipita chini alijua kwa pua kwamba leo kuna watu wanaolewa. Siku hizi maua ya plastiki yaja kwa katoni. Hayanyauki, na hayanuki. Wanaokuja kwake ni wale waliokumbushwa na nyanya zao.

Mumewe Kamaludin, fundi wa milango ya kuchonga, alifariki. Mwanawe wa pekee, Faiz, yuko Maskati na mkewe na watoto ambao humwamkia nyanya yao kwenye simu kisha wakakimbia. Basi Mwanaesha alibaki juu na maua yake, na chini akabaki mpangaji wake, Zilpah.

Zilpah Awino ni mtu wa bara, Mkristo. Alikuja Mombasa msichana, akawa karani bandarini hata akastaafu. Wenziwe wakistaafu hurudi kwao. Yeye alisema kwao wamebaki watu wa kumsalimia tu, hakuna wa kukaa naye. Alipoingia chumba kile cha chini, Kamaludin bado yu hai, alikuja na kitanda, Biblia na redio ya kaseti, na ndani ya redio ile mlikuwa na wanaume wa Kizungu wanaolia.

Sina neno jingine. Walilia na gitaa zao nazo zililia nyuma yao. Nyimbo hizo huitwa kantri, na watu wa bara wazipenda kama sisi tupendavyo taarabu. Juma lile la kwanza Mwanaesha aliteremka, akasimama mlangoni pa mpangaji wake.

"Zilpah, huyo mtu ana nini?"

"Ameachwa na mke, Mama Faiz."

"Na yule wa jana?"

"Yule gari lake liliharibika njiani, akienda kumzika babake. Na bibi yake pia alikuwa ameenda."

"Lo! Hawa wake zao wenda wapi wote?"

Zilpah alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo ikawa ndio desturi yao. Mwanaesha akifunga vikuba vyake juu, wimbo ukianza alipiga sauti ngazini aambiwe kisa chake, na Zilpah akampigia sauti kutoka chini. Mimi kwangu nasikia yote. Kiingereza Mwanaesha hajui, lakini ilifika mahali akaweza kusema huyu amefiwa, huyu amelewa, huyu yuko mbali na mamake, na hakosei.

Kamaludin alipofariki, redio ilinyamaza. Hakuna aliyemwambia Zilpah aizime. Aliifunika leso akaiweka chini ya kitanda, na muda wote wa eda hatukusikia hata mluzi. Siku Mwanaesha alipotoka edani, alioga, akavaa, akaja akainama ngazini. Mimi nilikuwa dirishani, nikamsikia.

"Zilpah! Mbona yule mtu halii? Mkewe amerudi?"

Nilijua hapo kwamba wale wawili ni zaidi ya mwenye nyumba na mpangaji, ingawa wao wenyewe hawakuwahi kulisema.

Sasa, mwaka jana, masika yakiishaisha, Zilpah alipata habari ya tamasha. Tamasha la kantri, kubwa, nje uwanjani, huko bara juu kwenye nyasi na baridi. Waimbaji wangetoka Marekani, na wengine wa papa hapa Kenya. Miaka yote ile Zilpah hakuwahi kumwona hata mmoja wao akifungua mdomo mbele yake. Alizunguka mtaa mzima kama aliyepata mwana.

Mipango ikafanywa barazani petu. Terry, mwanamke wa Tononoka aliyefanya kazi na Zilpah bandarini, ndiye aliyetafuta gari la kukodi na watu wa kulijaza. Alikuja jioni kwa jioni, wakakaa, wakaambizana habari za hema, za mablanketi, za nani akoroma asiwekwe karibu na nani. Zilpah alikwenda Kongowea kwenye mitumba, akarudi na kofia pana ya wachunga ng'ombe wa Kimarekani na viatu virefu vya ngozi vinavyofika nusu ya muundi.

Mwanaesha alivigeuza vile viatu, akavitazama hadi soli.

"Na ng'ombe wenyewe wako wapi?"

"Ng'ombe ni sisi, Mama," Terry alisema. "Twapelekwa malishoni."

Ilikuwa jioni hiyo hiyo. Mimi niko juu nachambua mchele, wao wako chini, na Mwanaesha ameketi kidato cha chini cha ngazi yake. Zilpah akamgeukia.

"Mama Faiz, si twende wote? Nafasi iko. Mtaa huu mzima ni wewe tu unazijua hizi nyimbo."

Nilisimamisha mkono. Mwanaesha alicheka, akajivuta leso kichwani.

"Mimi? Mtu mzima mimi, n'ende nyikani kusikiza watu walioachwa? Nenda wewe, shoga yangu, uniletee habari."

"Sawa, Mama," Zilpah alisema. Akarudi kwa Terry wakaendelea na mablanketi.

Hapa lazima nieleze, kwa maana asiye wa kwetu atasema mwanamke aliulizwa na akajibu, basi yamekwisha. Kwetu hayajaanza. Sisi watu wa Mvita mtu akikwita mahali, hukurupuki ukasema naam kama aliyekuwa amekaa na njaa. Mara ya kwanza wakataa kwa adabu. Mara ya pili wakataa ili umpime kama akutaka kweli au alisema kwa ulimi tu. Akirudi tena ndipo ukubali, na hata hapo kwa kujivuta, useme basi kwa kuwa umeng'ang'ana. Ndivyo tulivyoposwa, ndivyo tunavyoalikwa chakula.

Na Zilpah kwa chakula alikwisha jifunza. Mgeni akija kwake humbana mpaka ale. Lakini hili la safari aliliona ni jingine. Mwanaesha ni mkubwa wake, ni mjane, ni Mwislamu. Kwao Zilpah, mkubwa akisema hapana, kumrudia ni kumwambia hujui ulichosema. Alinyamaza kwa heshima. Na Mwanaesha alikataa kwa heshima.

Usiku haujaingia, Mwanaesha yuko kwangu, uso wang'aa kama msichana.

"Ameniomba," alinambia.

"Nimesikia. Nawe umekataa."

"Nimekataa."

"Vizuri," nilimwambia, na ningekuwa mimi ningekataa vivyo hivyo. "Ataomba tena kesho."

"Ataomba. Namjua Zilpah."

Kesho yake akafungua kasha. Alitoa koti la sufu ambalo Kamaludin alilinunua mwaka alioitwa Nairobi kutengeneza mlango wa tajiri mmoja, akalianika, akalifukiza udi mpaka mtaa ukajua. Alikwenda kwa fundi akashonewa dera la zambarau. Alimpigia Faiz simu, na simu ya Mwanaesha haina siri, yeye huongea kama kwamba Maskati ni ng'ambo ya uchochoro.

"Mama, kantri? Wewe?"

"Kwani mimi sina masikio?"

Faiz alicheka mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini. Kisha akasema, "Nenda, mama. Nenda ukafurahi. Nakupa rukhsa."

"Rukhsa sikukuomba. Nimekupa habari."

Hayo yote nisingeyatilia maanani lau si hili moja. Zakiya, wa nyumba ya tatu, alikuwa akimwoza mjukuu wake, na harusi iliangukia Jumamosi ile ile ya tamasha. Alikuja na sukari na majani ya chai kumwomba Mwanaesha vikuba. Ilikuwa kazi kubwa, ya nyumba nzima ya wanawake, kazi ambayo Mwanaesha hakuipata tangu sijui lini. Mwanaesha akamjibu, "Niwie radhi, Bi Zakiya. Siku hiyo nna safari."

"Safari ya wapi?"

"Bara. Na Zilpah."

Neno likatoka, likateremka ngazi, likaenea Kibokoni yote. Mwanaesha yuwaenda bara kusikiza nyimbo. Waliocheka walicheka, walioona gere waliona gere. Na hayo Zilpah hakuyasikia, kwa maana habari za mtaa zatembea majikoni na kwenye maulidi ya wanawake, na yeye jikoni kwake hupika peke yake.

Siku zikaenda, na Zilpah hakurudia. Mwanaesha akaanza kumkaribia, kama mtu anavyomsogezea mwenziwe kigoda ili akae.

"Ati baridi ya huko ni kali?"

"Kali sana, Mama. Afadhali wewe utabaki na joto lako."

Siku nyingine, Zilpah akifua barazani: "Na choo je? Watu wazima watajisitiri wapi?"

"Terry ameulizia. Viko, tena visafi."

"Na mtu akiwa ni wa kuswali?"

"Uwanja ni mkubwa, Mama. Mtu hawezi kukosa mahali pa kuswali."

Nilikuwa nimeshika chuma cha dirisha. Nikasema moyoni, sasa, Zilpah, sasa sema. Zilpah alikamua nguo ya mwisho, akachukua beseni lake, akaingia ndani. Mwanaesha alibaki amesimama pale barazani, akaitazama kamba ya nguo.

Alipokuja kwangu nilimwambia, "Niache nimwambie mimi. Neno moja tu."

"Mwanakuu, ukifungua mdomo, mimi na wewe basi."

"Basi mwambie wewe. Kwa mzaha hivi."

"Nimwendee mtu nimwambie nichukue? Mimi ni mzigo? Akinitaka ataniita. Mdomo anao."

"Lakini alikuita."

"Mara moja!" alisema, na macho yalikuwa yamemjaa. "Mara moja hata paka huitwa."

 Nilijua ana haki, na nilijua kwamba haki hiyo haitampeleka popote.

Ijumaa asubuhi tuktuk ilikuja kumchukua Zilpah impeleke Tononoka kwenye gari. Mwanaesha alikuwa ameketi kidato cha chini tangu alfajiri. Amevaa dera la zambarau, buibui juu yake halijafungwa, na miguuni pana kikapu kimefunikwa leso. Nilijua kilichomo. Mahamri na kababu nilizinusa tangu usiku, na koti la marehemu lilikuwa juu ya vyakula, limekunjwa, ukosi ukichungulia.

Zilpah akatoka na kofia na viatu, watoto wa uchochoroni wakapiga makelele kumshangilia. Akamwona Mwanaesha, akasimama.

"Mama Faiz! Umependeza! Kuna harusi?"

Kulikuwa na harusi kweli, na haikuwa yake tena. Mwanaesha alivuta buibui akalifunika dera.

"Ipo," alisema.

"Si nilijua. Ningekusumbua bure."

Hapo simu ya Zilpah ikalia. Alisikiza, akaguna, akasema ni sawa, akaikata.

"Terry huyo. Yule mwenzetu Morgan haji. Wamemtia zamu huko kazini. Hebu ona, Mama, gari lote hilo linaenda na kiti kitupu."

"Kiti kitupu," Mwanaesha alisema. Alikuwa amekwisha simama. Mkono mmoja uko kwenye kikapu.

Nami kule juu nikainama dirishani. Mwenye tuktuk alipiga honi, Zilpah akamwashiria angoje. Kulikuwa na nafasi pale, nyie, nafasi ya kutosha mtu kusema sentensi nzima.

"Tutaweka mablanketi hapo," Zilpah alisema.

Mwanaesha akainama. Alifunua leso, akalitoa lile koti, akalitia kwapani. Kisha akanyanyua kikapu akampa.

"Masurufu yenu. Mtu haachwi akatoka nyumbani kwangu mikono mitupu."

"Mama! Haya yote umenipikia mimi?"

"Nimpikie nani tena?"

"Na hilo koti?"

"La marehemu. Nalitoa juani."

Zilpah alimkumbatia kwa nguvu, kofia ikaanguka, wakacheka wote wawili. Akapanda. Tuktuk ikakunja kona, watoto wakaikimbilia, na Mwanaesha akabaki pale na koti lake mpaka makelele ya watoto yakapotea. Kisha alipanda ngazi. Nilimsikia akifunga dirisha lake la upande wangu. Siku zote nilizokaa mtaa huu, dirisha lile halikufungwa mchana ila siku ya maiti ya Kamaludin.

Mkumbuke kwamba mtaa mzima ulijua amesafiri. Hata dukani hakuweza kushuka. Angeonekana barazani angeulizwa, na angeulizwa angejibu nini? Kwamba hakuombwa? Akajifungia nyumbani mwake kama mwizi, madirisha yote yamefungwa, taa hazijawashwa, anatembea miguu mitupu kwa nyayo nyepesi. Zile nyimbo za chini nazo hazikuwepo. Alinambia hilo ndilo lililomuuma zaidi: kwamba hata wa kulia kwa niaba yake hakuwepo.

Jumamosi alasiri nilizunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa uani. Nilimkuta chumbani gizani, na yale majani ya chai ya Zakiya yako mezani hayajafunguliwa. Hatukuamkiana sana. Nilikaa. Tukasikia vigelegele vyaja, harusi yapita uchochoroni, na yeye akaenda dirishani, akaweka jicho kwenye ufa.

"Zakiya amebandika nini kifuani?" alininong'oneza, maana jicho lake moja si zima.

Nikachungulia. "Plastiki."

"Wasikia harufu?"

"Plastiki hainuki, Mwanaesha."

"Ndiyo nikuulizayo."

Wakapita wote, na zumari likapotea upande wa Ndia Kuu. Tukarudi kukaa. Sikumwambia pole, kwa maana angenifukuza.

Ndipo simu yake ikalia. Ilikuwa Zilpah. Mwanaesha aliiangalia ikiwaka mkononi mwake, nikadhani hataipokea. Akajikohoza, akajinyosha mgongo, akaipokea kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kana kwamba hajajificha.

"Aloo, shoga yangu! Salama huko?"

Sauti ya Zilpah ilikuja na upepo na maelfu ya watu nyuma yake. "Mama Faiz! Mama, ni kubwa! Huwezi kuona mwisho wa watu! Wameimba ile ya mtu aliye mbali na mamake, nimelia mpaka Terry akanipa leso yake! Kababu zako zimeisha njiani!" Kisha akauliza: "Mbona huko kimya hivyo? Uko peke yako?"

"Peke yangu? Niko harusini mimi, nimezungukwa na watu hata pa kuweka mguu hapana."

Akaiziba simu kwa kiganja, akanigeukia. "Mwanakuu, sema kitu!"

Na mimi, ambaye marehemu mume wangu alisema naweza kuongea na ukuta ukanijibu, sikupata neno. Nilimtazama.

"Sema!"

Nikachukua sinia lililokuwa mezani, nikalipiga kwa kijiko. Nikapiga kigelegele. Kilitoka kibovu, cha mtu mmoja, kikakatika katikati. Nikapiga sinia tena, nikapaza sauti, "Leteni chai huku! Wageni hawajapata chai!"

"Wasikia?" Mwanaesha alisema kwenye simu. "Ndio hao. Hawaniachi nikapumua."

"Nimesikia, Mama! Basi furahini! Ngoja nikushikie simu juu, usikie kidogo."

Nikaacha kupiga. Ulikuja muziki, umechanika kwa upepo, na gitaa moja nyembamba juu ya kelele za watu. Mwanaesha aliigandamiza simu sikioni kwa mikono miwili. Uso wake sikuuona vizuri, chumba kilikuwa na giza. Alikaa hivyo mpaka wimbo ukaisha na watu wa huko wakapiga makofi, na Zilpah akarudi akiuliza, "Umesikia? Umesikia, Mama?"

"Nimesikia," alisema. "Huku kelele nyingi, lakini nimesikia. Haya, nenda kwa wenzio. Mimi naitwa huku, shoga yangu, sasa hivi naitwa."

Akaikata simu. Kisha akalichukua sinia mikononi mwangu, akalipangusa kwa ncha ya leso, akalirudisha mahali pake.